Kufuatilia Mutesheni za Saratani Ukiwa Mombasa: Kutoka Kinyama Hadi Ripoti

Mwongozo huu nauandikia wenye wagonjwa, pamoja na manesi na vijana wa maabara katika hospitali na zahanati za Pwani, maana hao ndio hushika sampuli kabla ya mtu mwingine yeyote. Vipimo vingi vya jeni za saratani vinavyoagizwa Mombasa husomwa Nairobi, na vingine hupelekwa hadi Afrika Kusini au India. Mashine za huko ni nzuri. Lakini mashine husoma kile ilicholetewa tu, na kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, kilichoharibikia ndani ya kopo hapa kwetu hakitafufuka kikifika huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya zile saa chache za mwanzo, ambazo ziko mikononi mwetu.

Mutesheni ni badiliko katika maandishi ya DNA ya seli. Zipo ambazo mtu huzaliwa nazo, akazirithi kwa baba au mama. Lakini nyingi tunazozifuatilia kwa wagonjwa wa saratani zimo ndani ya uvimbe peke yake, zimetokea ukubwani, na haziwapiti watoto. Tunazifuatilia ili kuchagua dawa, kujua kama dawa inafanya kazi, na ikiacha kufanya kazi, kujua kwa nini.

Hatua ya kwanza: Jua unatafuta nini

Kipimo cha jeni ni ghali, na kuna familia zinazofanya harambee kulipia kipimo ambacho jibu lake halitabadilisha dawa hata moja. Kabla ya kutoa pesa, muulize daktari wa saratani maswali mawili: “Daktari, jibu likiwa ndiyo, mama atapewa dawa gani? Na likiwa hapana, atapewa gani?” Ikiwa dawa ni ileile kwa yote mawili, kipimo hicho kinaweza kungoja.

Yapo maradhi ambayo kipimo kina uzito mkubwa. Saratani ya mapafu, ile inayoanzia kwenye seli za tezi, huangaliwa jeni ya EGFR: ama kipande kilichokatika kwenye ekzoni (sehemu ya jeni) ya 19, ama badiliko liitwalo L858R. Mwenye mojawapo huweza kuanzishiwa vidonge vinavyolenga jeni hiyo badala ya kemo. Saratani ya utumbo mpana iliyosambaa huangaliwa KRAS na NRAS, kwa sababu dawa kama cetuximab haimsaidii mwenye mutesheni za jeni hizo. Ya matiti huangaliwa HER2, ingawa hapo kinachotafutwa ni jeni iliyojirudia mara nyingi kupita kiasi. Halafu kuna saratani ya damu aina ya CML, ambayo mgonjwa wake hupimwa jeni ya BCR-ABL miaka nenda miaka rudi. Hiyo nitaieleza kwa urefu.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, na ile ya umio ya seli bapa ambayo ndiyo tunayoiona sana Kenya, kufuatilia mutesheni bado si sehemu ya matibabu ya kawaida. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo akiniuliza, namwambia pesa ziingie kwanza kwenye mionzi, kemo, nauli na chakula.

Hatua ya pili: Kinyama kiingie kwenye fomalini mapema, na kikae kwa kipimo

Hapa ndipo sampuli nyingi huharibikia, tena bila mtu yeyote kujua mpaka ripoti irudi imeandikwa kwamba DNA haikufaa.

Kinyama kikishatolewa mwilini, damu haikifikii tena, lakini vimeng’enya vilivyo ndani ya seli havijalala. Huanza kuikatakata DNA, na RNA, ile nakala ya muda ya jeni, ndiyo huisha haraka zaidi. Joto la msimu wa kaskazi, katika chumba kisicho na kiyoyozi, huongeza kasi. Kinachotakiwa ni kinyama kiingie kwenye fomalini, maji ya dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa moja tangu kukatwa.

Fomalini yenyewe iwe ya asilimia 10, yenye bafa. Ile isiyo na bafa, hasa iliyokaa muda mrefu stoo, hugeuka asidi na kuila DNA. Iwe nyingi: ujazo wake uwe mara kumi ya kinyama. Nimeona titi zima limesukumwa ndani ya kopo dogo hadi fomalini imebaki kama ukanda mwembamba pembeni, na hilo ni kosa hata kama kopo limefungwa vizuri na lebo yake imeandikwa kwa mwandiko safi. Maji ya chumvi hayahifadhi kinyama. Kama hospitali haina fomalini siku hiyo, na upasuaji si wa dharura, ni heri itafutwe kwanza.

Fomalini hupenya polepole, kiasi cha milimita moja kwa saa, na kadiri inavyozama ndivyo inavyozidi kuchelewa. Sampuli kubwa iliyoachwa bila kukatwa, ukiipasua kesho yake utaona mwenyewe: pembeni imekuwa ya kijivu, imekakamaa, inakatika vizuri kwa kisu, katikati bado ni nyekundu, ni laini, na imeanza kutoa harufu. Na mara nyingi uvimbe uko hapo hapo katikati. Dawa yake ni kuikata vipande vya unene wa milimita 5 hadi 10 na kuweka shashi katikati ya vipande ili fomalini ipite. Anayekata awe mtaalamu wa patholojia au mtu aliyeelekezwa naye, kwa kuwa kingo hupakwa wino kwanza ili ijulikane kama saratani yote imetoka.

Kisha hesabu saa. Kinyama kikae kwenye fomalini si chini ya saa 6, na si zaidi ya saa 72. Kikikaa kidogo, hakijaiva. Kikipitiliza, fomalini huifungamanisha DNA na protini, hivyo DNA hutoka vipande vifupi vifupi, na herufi C huanza kusomeka T mahali ambapo mgonjwa hana badiliko lolote. Mashine itakuandikia mutesheni ambayo haipo. Upasuaji wa Ijumaa mchana unaongoja Jumatatu uko ukingoni tayari. Jumatatu hiyo ikiwa Idi au sikukuu nyingine, umepita. Panga siku ya upasuaji pamoja na watu wa maabara, au hakikisha yuko wa kuichukua sampuli Jumamosi.

Juu ya kopo, ubavuni na si kwenye kifuniko, andika jina, nambari ya hospitali, sehemu ya mwili, tarehe, saa iliyokatwa na saa iliyoingia kwenye fomalini. Hizo saa mbili za mwisho ndizo husahaulika sana.

Mfupa una shida yake. Ili ukatike, hulainishwa kwanza kwa kuondoa kalsiamu, na asidi kali inayotumika mara nyingi humaliza DNA kabisa. Kama saratani imefika mfupani lakini pia iko kwenye tezi au ini, omba sampuli itolewe huko kwingine. Ikibidi iwe mfupa, uombe ulainishwe kwa EDTA, kemikali inayovuta kalsiamu taratibu, ingawa huchukua siku nyingi zaidi.

Hatua ya tatu: Kitunze kibloku cha nta

Baada ya fomalini, kinyama hukaushwa maji na kuzamishwa ndani ya nta ya parafini, kikawa kibloku kidogo cha kushika kwa vidole viwili. Hicho ndicho hazina ya mgonjwa. Hukaa miaka, na kipimo kipya kikitokea hurudiwa bila kumpasua mtu tena.

Mwambie mtaalamu wa patholojia mapema kwamba vipimo vya jeni vitahitajika, ili asikimalize kinyama kwa kukata slaidi nyingi za rangi. Hasa kinyama cha mapafu kilichochukuliwa kwa sindano, ambacho hakifiki hata ukubwa wa punje ya mchele. Mwombe pia aandike ni asilimia ngapi ya seli zilizomo ni za saratani. Maabara nyingi hutaka zifike 20. Zikiwa chache, anaweza kuizungushia alama sehemu yenye uvimbe kwenye slaidi ili hiyo tu ikwanguliwe.

Kibloku husafiri bila barafu. Lakini nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 56 hadi 60 hivi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Mwembe Tayari si mbali na hapo. Kifungwe ndani ya kiboksi kigumu, kiwe kwenye mkoba wa aliyekibeba.

Hatua ya nne: Ujue njia inayotumika, maana kila moja ina upofu wake

Chukua pishi la mchele lililoingiliwa na punje za pojo. Pojo ndiyo DNA yenye mutesheni, mchele ni DNA ya kawaida. Njia ya kusoma DNA ya mwanasayansi Frederick Sanger ya mwaka 1977, ambayo bado inatumika, huiona pojo ikiwa ni kama punje 15 hadi 20 katika kila 100. Ikiwa chini ya hapo, itakuambia ni mchele mtupu. PCR ni njia ya kukinakili kipande cha DNA mara nyingi; ile ya kufuatilia papo kwa papo huona punje 1 hadi 5 katika 100, lakini hutafuta zile mutesheni ilizotengenezewa tu. Nyingine ikiwepo, haiioni. PCR ya kidijitali huigawa sampuli katika maelfu ya vitone vidogo na kuhesabu kimoja kimoja, ndiyo sababu hufika hadi punje 1 katika 1,000. Nayo pia lazima uiambie unatafuta nini.

Usomaji wa kizazi kipya, ambao madaktari huuita NGS, husoma jeni nyingi kwa mpigo, kila mahali mara mamia au maelfu, na unaweza kukuta badiliko ambalo hakuna aliyelitarajia. Ni ghali zaidi, huchukua wiki kadhaa, na huhitaji DNA nyingi na safi. Kwa jeni zilizokatika na kuungana na nyingine, kama ALK kwenye mapafu, hutumika pia kupaka rangi slaidi au kuzing’arisha jeni chini ya darubini.

Ushauri wangu: kwa kipimo cha mwanzo, jeni zikiwa nyingi na kinyama ni kidogo, NGS mara moja ni bora kuliko kukimaliza kinyama kwa vipimo vitatu vya jeni mojamoja. Kwa kufuatilia mutesheni iliyokwisha kujulikana, PCR inatosha, ni nafuu, na hujibu mapema.

Hatua ya tano: Ukitumia damu badala ya kinyama

Seli za saratani zikifa humwaga vipande vya DNA ndani ya damu, vifupi mno, vya herufi 160 na kitu. Havikai: ndani ya saa mbili hivi, nusu yake huwa imeshaondolewa. Kwa hiyo damu ya leo huonyesha hali ya leo, na ndiyo faida yake kubwa. Mgonjwa wa mapafu aliyekuwa akitumia gefitinib au erlotinib, vidonge vikaacha kumfaa, kwa takriban nusu ya wagonjwa sababu ni mutesheni mpya iitwayo T790M. Inaweza kuonekana kwenye damu bila kumdunga sindano ya mapafu tena, na ikionekana kuna dawa yake, osimertinib. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha namna hii, nacho kilikuwa cha jeni hiyohiyo ya EGFR.

Sasa utaratibu wa kuitoa. Usitumie chupa ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), kwa kuwa heparini huizuia PCR. Usiiache damu igande ili upate seramu, maana ikiganda seli nyeupe hupasuka na kuijaza DNA yao ya kawaida, ile ya saratani ikafunikwa. Chupa ni ya EDTA, yenye kifuniko cha zambarau, au zile chupa maalumu zenye dawa ya kuzuia seli nyeupe zisipasuke.

Ukitumia EDTA, una saa nne za kuizungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha damu kwa kuizungusha kasi. Saa nne ni chache kuliko zinavyosikika. Damu iliyotolewa kule Likoni au Ukunda inangoja pikipiki, pikipiki inangoja feri, na ikifika kisiwani fundi ameenda chakula cha mchana. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa kusini, au wa Kilifi na Lamu, nasisitiza ama atolewe damu palepale penye sentrifuji, ama itumike chupa maalumu, ambayo huhimili siku kadhaa kwenye joto la kawaida la chumba. Chupa hiyo haitakiwi kugandishwa wala kulazwa juu ya barafu. Igeuzwe juu chini taratibu mara nane hadi kumi mara tu inapojaa. Usiitikise.

Mzunguko ni wa mara mbili. Wa kwanza ni wa taratibu, nguvu ya 1,600 g (mara 1,600 ya uvutano wa dunia) kwa dakika 10. Ukiitoa chupa, ishike wima dhidi ya mwanga: juu plazma, yaani maji ya damu, ya rangi ya majani makavu, chini seli nyekundu, na katikati yao utando mweupe mwembamba sana. Vuta plazma kwa pipeti kutoka juu, na uache kama nusu sentimita juu ya utando ule bila kuigusa. Tamaa ya kuimaliza plazma yote ndiyo inayovuta seli nyeupe. Mzunguko wa pili ni wa plazma peke yake, 16,000 g kwa dakika 10, kuondoa mabaki. Kisha igandishwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, au isafirishwe na barafu kavu. Plazma ikiwa nyekundu, seli zimepasuka: andika hivyo kwenye fomu, na kama mgonjwa bado yupo, omba damu nyingine.

Utando mweupe nao usiutupe. Watu wazima wengi, hasa wazee, wana mutesheni ndogondogo kwenye seli zao za damu zisizohusiana na uvimbe. Maabara ikisoma seli nyeupe sambamba na plazma, itajua ipi ni ya saratani na ipi ni ya uzee.

Na damu ikisema haikuona kitu, hiyo haimaanishi hakuna. Uvimbe mdogo, au ulioko kwenye ubongo pekee, unaweza usimwage DNA ya kutosha. Ikiwa mgonjwa anazidiwa na damu haikuonyesha kitu, rudini kwenye kinyama.

Hatua ya sita: CML, ugonjwa unaofuatiliwa kwa namba

Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kromosomu (kifurushi cha DNA ndani ya seli) fupi isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa CML. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale zilipoungana huzaliwa jeni ya BCR-ABL, na dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizima. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache sasa watu wanazeeka nao, kwa sharti la vidonge kila siku na kipimo kila miezi mitatu.

Kipimo hiki hutumia RNA, ambayo ni dhaifu kuliko DNA. Damu ya EDTA ifike maabara siku hiyohiyo ikiwezekana, na isipite saa 48, ndani ya kikasha cha baridi lakini isigusane na barafu. Zipo kaseti za BCR-ABL zinazoingia kwenye mashine ileile ya GeneXpert inayopima TB, na jibu hutoka siku hiyohiyo. Ulizia kama hospitali yako inazo kabla damu haijapakiwa. Kaseti hupima aina ya BCR-ABL iitwayo p210, ambayo ndiyo ya wengi, kwa hiyo kipimo cha kwanza kabisa lazima kionyeshe mgonjwa ana aina gani.

Jibu huja kwa asilimia ya kipimo cha kimataifa, kifupi chake IS (International Scale). Kama ripoti haina herufi hizo, huwezi kuilinganisha na ya maabara nyingine. Matarajio ni haya: kufikia miezi 3 iwe imeshuka hadi asilimia 10 au chini, miezi 6, asilimia 1, mwaka mmoja, asilimia 0.1. Pimeni maabara moja daima, kama hali inaruhusu. Kupanda kutoka 0.02 hadi 0.04 kunaweza kuwa tofauti ya kipimo tu. Kuvuka 0.1 kwa mtu aliyekuwa chini yake ni jambo la kurudia kipimo haraka.

Likipanda kweli, swali la kwanza ni vidonge. Muulize mgonjwa kwa upole, faraghani: “Mzee, kuna siku zilipita bila dawa?” Wengi huacha kwa sababu ya kichefuchefu au kubanwa na misuli, na wana haya kumwambia daktari. Mwezi wa Ramadhani nao unahitaji mpango. Imatinib huliwa na chakula na glasi kubwa ya maji, hivyo kwa anayemeza mara moja kwa siku, baada ya kufuturu ni wakati unaofaa. Nilotinib ni kinyume, huliwa tumbo tupu mara mbili kwa siku, saa 12 baina yake, na anayeitumia azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Vidonge vikiwa vimemezwa sawasawa na namba bado inapanda, hapo ndipo hutafutwa mutesheni ndani ya BCR-ABL yenyewe. Inayosumbua zaidi ni T315I: imatinib, dasatinib na nilotinib zote hazifui dafu mbele yake, na mgonjwa huhitaji ponatinib au asciminib. Kuongeza dozi ya dawa ileile bila kupima ni kupoteza miezi.

Hatua ya saba: Kuisoma ripoti

Tafuta kwanza aina ya sampuli na tarehe iliyotolewa, ambayo ni tofauti na tarehe ya ripoti. Kisha njia iliyotumika, na kiwango cha chini kabisa inachoweza kuona. “Haikuonekana” na “sampuli haikutosha” ni majibu mawili tofauti kabisa, na nimewaona watu wakishangilia la pili wakidhani ni la kwanza.

Asilimia iliyoandikwa mbele ya mutesheni huonyesha sehemu ya DNA yote iliyosomwa ambayo ina badiliko hilo. Kinyama chenye seli za saratani asilimia 20, na mutesheni iko kwenye nakala moja kati ya mbili, kitatoa takriban asilimia 10. Pakitokea badiliko “lisilojulikana maana yake”, dawa isibadilishwe kwa sababu yake.

Weka daftari moja: tarehe, sampuli, maabara, njia, namba, dawa iliyokuwa ikitumika siku hiyo. Daktari mpya akilifungua ataelewa kwa dakika tano kile ambacho faili lililopotea lingemchukua miezi.

Hatua ya nane: Siri na jamaa

Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Ripoti isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kwa nia njema ya kuomba mchango. Andikeni jina la ugonjwa na gharama; yaliyobaki ni ya mgonjwa.

Ikiwa mutesheni ya BRCA1 au BRCA2, jeni zinazohusiana na saratani ya matiti na ovari, imeonekana kwenye damu ikiwa karibu asilimia 50, huenda ni ya kuzaliwa nayo. Thibitisheni kwa kipimo cha damu cha kurithi, kisha dada, kaka na watoto waliokomaa waelezwe, kila mmoja kwa nafasi yake, kwamba ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa nayo. Wanaume nao huirithi na kuipitisha. Watoto walio chini ya miaka 18 hawapimwi BRCA, kwa kuwa hakuna tiba wala uchunguzi unaoanza utotoni kwa ajili yake. Wangojwe wakue, waamue wenyewe.